Bibi Apimwa Akili

Mjomba wangu aliposikia kwamba bibi anamwandikia dada yangu nyumba ya Ujiji, alikimbilia mahakama ya mwanzo kusema mama yake kachanganyikiwa. Dada ndiye anayemwogesha bibi na kulala naye chumba kimoja. Nyumba ikiangukia kwa mjomba itauzwa, na dada hana pa kwenda. Nilikasirika, siku hiyo nikavunja chaki mbili darasani.

Mahakama ikataka karatasi ya daktari kuhusu uwezo wa akili wa bibi. Daktari kijana, mpole, alimwamkia bibi vizuri, kisha akamwambia achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Bibi akachora duara safi, mshale mfupi akauelekeza kwenye tano. Daktari akaandika kosa.

"Daktari," nikamwambia, "saa ya ukutani kwa bibi inasomwa kama inavyotajwa. Kila magharibi anairekebisha mwenyewe, isome kumi na mbili!"

"Mwalimu, kipimo ni kipimo."

"Hebu mwulize," bibi akadakia, "saa tano, mshale uko kwenye kumi na moja, nani kachanganyikiwa hapo?"

Mimi nafundisha biolojia. Wako bakteria wanaosifiwa kuwa na uwezo kwa sababu tu wanameza vinasaba vilivyoachwa na wenzao waliokufa. Kwa kipimo hicho mjomba ana uwezo tele, maana anataka kumeza mali ambayo mwenyewe hata hajafa.

Hakimu, mama wa makamo, aliisoma ile karatasi akaiweka kando. Akasema sheria haitaki michoro, inataka kujua kama mtu anaelewa ana mali gani, watu wake ni akina nani, na anampa nani. Bibi akaitaja nyumba, vyumba vyake vinne, mipaka yake, mpaka bati linalovuja. Nikashusha pumzi.

"Una watoto wangapi, bibi?"

"Wanne."

Yarabi! Wako watano. Akawataja mmoja mmoja, mjomba hayumo. Dada akanibana mkono hadi ukaniuma.

Mjomba akaruka kama aliyekalia makaa. "Mheshimiwa, umesikia? Kanisahau! Mimi, kifungua mimba wake!"

Bibi akamgeukia polepole.

"Sijakusahau, baba. Miaka miwili hujakanyaga kwangu. Nilitaka ujue inavyouma."

Hakimu akainama, akaandika kwamba bibi ana akili timamu na nyumba ni yake kumpa amtakaye. Mjomba alikuwa analia.