Msusi wa zamani aliyefuta wiki tano za kazi yake

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja amekaa sakafuni kwenye sebule ya nyumba ya vyumba viwili. Mikono yake ameikalia. Mbele yake yupo msichana wa miaka sita, na kati yao kuna kadi ya plastiki yenye picha ya mlango ulio wazi.

Redio imefunguliwa hadi mwisho. Mtoto anaziba sikio moja kwa bega. Anaitazama kadi, anamtazama mwanamke, anaitazama tena kadi.

Sekunde kumi na nne zinapita. Msichana anaokota kadi na kuisukuma kwenye goti la mwanamke.

"Unataka kutoka," anasema mwanamke papo hapo. Wanainuka wote wawili na kwenda uani, ambako kuna kimya na kamba ya nguo. Hapo ndipo anapotoa daftari mfukoni na kuweka tiki moja.

Kwa sababu ya daftari hilo, mtaani wanamwita Bi Tiki. Kazi yake ni kuwafundisha watoto wenye usonji, hali ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo hubadilisha namna anavyowasiliana na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Mbinu anayoitumia inaitwa uchambuzi wa tabia. Hulipwa theluthi mbili ya mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, na hutembelea nyumba nne kwa siku.

Msichana huyu nyumbani wanamwita Bosi. "Akiamka tunaamka, akilala tunalala," anaeleza bibi yake. "Sasa bosi ni nani kama si huyo?"

Bosi haongei. Muhula uliopita alirudishwa nyumbani kutoka darasa la kwanza mara tisa, kwa kupiga mayowe na kujiuma kiganja hadi damu. Mwalimu mkuu aliwaeleza wazazi kwamba atampa asubuhi moja ya majaribio. Akipiga mayowe, nafasi yake itakwenda kwa mtoto mwingine aliye kwenye orodha.

Shule nyingine inayopokea watoto wa aina yake iko mwendo wa saa mbili. Mama yake, mfanyakazi wa duka la dawa, angelazimika kuacha kazi ili ampeleke na kumrudisha.

Majirani walikuwa na maelezo yao. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," anasema mama wa Bosi. "Methali hiyo nimepigwa nayo mpaka imeisha makali."

Bi Tiki alipoitwa, hakumgusa mtoto kwa wiki mbili. Alikaa pembeni akiandika mambo matatu tu: kilichotangulia mayowe, mayowe yenyewe, na kilichofuata.

Daftari lilionyesha matukio hamsini na sita. Arobaini na moja kati ya hayo yalitanguliwa na kelele za watu wengi au viti kuburutwa. Karibu yote yaliishia vilevile: mtoto alitolewa nje.

"Watu walisema ana hasira," anaeleza. "Mimi niliona mtu anayeomba kutoka. Hakuwa na njia nyingine ya kuomba, na hiyo aliyokuwa nayo ilikuwa inafanya kazi. Wewe ungeiacha?"

Dawa yake haikuwa kuyazima mayowe. Ilikuwa kumpa mtoto njia nyepesi zaidi ya kupata kitu kilekile: anayetoa kadi ya mlango hutolewa nje mara moja, bila maswali.

Kabla ya kazi hii alikuwa msusi kwa miaka kumi na mmoja. Saluni yake ilisifika kwa watoto wasiosukika, wale wanaolia hata chanuo halijawagusa. Aligawa kichwa cha mtoto katika vipande, leo mistari miwili, kesho mitatu. Mteja wake mmoja, mtaalamu wa tiba za watoto, alimtazama siku moja na kumwambia kwamba anachokifanya kina jina na kina vitabu. Alisoma miezi minane. Mtaalamu huyo bado hulikagua daftari lake mara mbili kwa mwezi.

Mbinu hii ina wapinzani, na yeye hawafichi. Wapo watu wazima wenye usonji wanaosema kwamba utotoni walilazimishwa kufanana na wengine. Yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza, alitumia miezi miwili kumfundisha mtoto mmoja kumtazama machoni.

"Alijifunza," anasema. "Alikuwa ananitazama huku machozi yanamtoka. Kwenye daftari alipata alama zote." Somo hilo hakulifundisha tena.

Kwa Bosi mambo yalikwenda vizuri mno. Baada ya wiki tano daftari lilionyesha kwamba anatoa kadi asilimia tisini na mbili ya mara. Zilibaki siku kumi na moja kabla ya asubuhi ya majaribio.

Aliyegundua kasoro ni bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kochi akikunja nguo.

"Mwalimu, nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza, mama."

"Huyu anakupa kadi kwa sababu anataka kutoka, au kwa sababu umemnyooshea mkono kama mtu anayedai nauli?"

Bi Tiki alicheka. Kisha akautazama mkono wake. Ulikuwa mbele, kiganja kimefunguka.

Akairudisha mikono yote miwili mgongoni na kuomba redio iongezwe sauti. Mtoto aliutafuta mkono, hakuuona. Alijiuma na kupiga mayowe kwa dakika sita, kadi ikiwa miguuni pake.

Katika kazi hii, msaada wowote anaopewa mtoto huondolewa hatua kwa hatua, hadi afanye jambo peke yake. Bi Tiki alikuwa ameondoa maneno na kidole cha kuelekeza. Mkono hakuuhesabu kuwa msaada, kwa sababu hakujua kwamba upo. Msusi akiwa kazini hunyoosha mkono nyuma bila kutazama, na msaidizi humwekea fungu la nywele kiganjani. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Alichora mstari mmoja juu ya kurasa zote za wiki tano. Chini yake akaandika: "Alama hizi ni za mkono wangu." Jioni hiyo aliwaeleza wazazi.

"Dada, wiki tano!" alisema baba, fundi wa majokofu. "Si ulituambia amefika tisini?"

"Niliwaambia. Nilikosea."

"Hata mimi nikikosea gesi ya friji, mteja haji kunipongeza kwa kusema ukweli."

"Sikuja kupongezwa, kaka. Ningenyamaza, mngeyaona wenyewe shuleni."

Mama aliinuka, akafungua redio, akarudi kukaa mbele ya mwanawe na kuikalia mikono yake.

Kwa siku kumi na moja kila mtu wa nyumba ile alikuwa mwanafunzi. Baba alifanya zoezi kabla ya kwenda kazini, mama baada ya kurudi. Bibi alipewa zamu ya mchana na cheo cha mkaguzi, ambacho alikitumia bila huruma. "Wewe, macho!" alimkaripia mkwewe, baba wa Bosi. "Unamkonyezea kadi. Mwizi mkubwa."

Siku ya tatu mtoto alifanikiwa mara moja kati ya kumi. Siku ya saba, mara nne. Asubuhi ile ya redio iliyoelezwa hapo juu ilikuwa siku ya tisa, na alifikisha sita.

"Sita si tisini na mbili," anasema Bi Tiki. "Lakini ni sita zake."

Jumatatu, asubuhi ya majaribio, darasa lina wanafunzi hamsini na wanane. Mwalimu ameshaelezwa maana ya kadi, lakini masharti ya shule ni kwamba mtu wa nyumbani asiingie. Mama yuko kazini, kwa hiyo bibi na Bi Tiki wamesimama nje, nyuma ya dirisha.

Saa moja ya kwanza inapita salama. Saa tatu na nusu mwalimu anawaambia watoto wageuze viti ili wakae kwa makundi. Miguu ya viti hamsini na nane inakwaruza saruji kwa pamoja.

Bosi anasimama. Kiganja kinapanda mdomoni.

"Mungu wangu," ananong'ona bibi.

Bi Tiki hasogei. Midomo yake inahesabu sekunde. Anafika tisa, na kiganja kinashuka. Msichana anachukua kadi kwenye dawati lake, anapita kati ya makundi na kuiweka kwenye meza ya mwalimu.

Mwalimu haoni. Anaandika ubaoni, mgongo ameupa darasa.

Hili hakuna aliyemfundisha. Nyumbani kila aliyepokea kadi alikuwa anamtazama. Msichana anaisukuma kadi mbele, halafu anairudisha. Anatoa sauti fupi ya kooni, ile ambayo kwa kawaida hutangulia mayowe. Kisha anaikamata sketi ya mwalimu na kuivuta kwa nguvu, mara mbili.

Mwalimu anageuka. Anamtazama, anaitazama kadi.

"Aa. Unataka kutoka, mama? Haya, nenda."

Bosi anatoka. Anakaa ukutani kwenye kivuli kwa dakika nne, hatazami mtu. Kisha anaingia mwenyewe.

Bibi anajifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. "Umemfundisha lini kuvuta watu nguo?" anauliza.

"Sikumfundisha, mama."

"Basi hiyo usiweke tiki. Hiyo ni yake."

Uamuzi wa mwalimu mkuu unatolewa saa sita mchana, akiwa amesimama mlangoni pa ofisi. Nafasi haitolewi kwa mwingine. Bosi atasoma nusu siku hadi mwisho wa muhula, kisha watatazama tena. Hasifu wala hapunguzi masharti.

Bi Tiki anauona uamuzi huo kuwa wa haki. Atakwenda shuleni mara moja kwa wiki kumwonyesha mwalimu namna ya kuandika matukio, na ziara za nyumbani atazipunguza kutoka tano hadi mbili.

Hizo mbili ana mpango nazo. Anataka kumfundisha Bosi kukataa, kwa kadi ya pili yenye picha ya kiganja kinachosukuma. Baba ameshapinga. "Utamfundisha ukaidi, dada. Huyu bila kadi tu anatutawala."

Bi Tiki anasema mtoto aliyezoeshwa kutii kila mtu mzima yuko hatarini zaidi kuliko anayepiga mayowe, na kwamba mwaka wake wa kwanza kazini hakulijua hilo. Atakayekataliwa kwanza, ameamua, ni yeye mwenyewe.

"Nije siku moja, nibishe hodi, anifungulie, anipe hiyo kadi," anasema. "Nitageuka nirudi kwangu. Nitakuwa nimefanya kazi nzuri."