Kambale Wakipanda Mto

Juzi pale sokoni Dumila niliona kambale wakavu, matumbo yamejaa mayai, nikausikia tena mto wetu wa kule Mlali.

Masika yakianza, kambale walipanda mto kutaga, na ukoo wetu haukuvua mpaka bibi aseme wameshashuka. Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, mchuuzi wa samaki akaja na leseni kutoka mjini, akauziba mto mzima kwa nyavu. Bibi aliingia majini, akaushika wavu mmoja.

"Shikamoo bibi. Toka, utasombwa," alisema mchuuzi.

"Marahaba. Toa nyavu zako kwanza. Hawa wana mimba."

Vibarua wake waliangua kicheko. "Kumbe bibi mkunga wa kambale!"

Mimi nilidhani bibi ana choyo tu, maana mchuuzi alikuwa ametugawia peremende, na bado nilikuwa nayo mdomoni. Nilimvuta khanga iliyolowa.

"Bibi, twende nyumbani. Wanatucheka."

Alinitazama, akauachia wavu, akanishika mkono.

Siku hizi kambale hawapandi tena. Wanaume wale wote walishindwa kumtoa bibi majini, nikamtoa mimi. Mpaka tunamzika, hakuwahi kunilaumu.