Sungura Asiyejua Kiswahili

Mwalimu wa Kihispania alikuwa na kinyaa cha kupindukia. Dada yake, aliyekaa naye nyumba moja, alikuwa akisema huyu mtu huiosha sabuni kabla ya kuitumia, na hakuwa anatia chumvi. Ile kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli ng'ambo, alikojifunzia hicho Kihispania, ndiyo iliyommaliza. Ukishachomoa nywele za watu usiowajua kwenye matundu ya mabafu, ukakunja mashuka yenye mambo yasiyosemeka mbele ya watu, hata mkono wa salamu unauangalia mara mbili.

Mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyeletewa sungura darasani.

Shule yenyewe ilikuwa ya watoto wadogo, ghorofa ya chini, chumba kimoja kimetandikwa zulia la plastiki na jiko nyuma yake. Mwenye shule, bwana mwenye tumbo lake na kijiti cha meno mdomoni asubuhi hadi jioni, alikuwa ameandika kwenye ukuta wa nje kwamba hapa watoto huongea Kihispania. Uongo mtupu. Walikuwa wanaimba tu. Waonyeshe picha ya simba, wanaitikia wote kwa pamoja *león*. Waonyeshe tembo, *elefante*. Ukimshika mmoja ukamuuliza huyo simba anafanya nini, anakutumbulia macho huku kidole kiko puani. Basi mwenye shule akamwambia mwalimu bila kumung'unya maneno: siku ya wazazi inakaribia, watoto wakiongea siku hiyo anapata ajira ya kudumu, wakiwa kasuku vilevile, kila mtu ashike njia yake. Na kwa kuwa alisikia mahali kwamba watoto hujifunza lugha kwa kuzungumzia wanyama, akaleta sungura wa kijivu ndani ya kizimba cha waya, akamtua juu ya meza ya mwalimu, ubavuni mwa kikombe chake cha chai.

Chai ile ilimwagwa. Kikombe nacho kikatupwa.

Harufu ya mkojo wa sungura haina mfano wake, inakaa kooni. Vinyesi vyake vilikuwa vinadondoka kwenye waya na kubingirika hadi kwenye daftari za watoto, nao wanaviokota na kuviangalia, na mikono hiyohiyo ndiyo ya kumshika mwalimu sketi. Alifundisha akiwa amebana pua, mgongo kwenye dirisha. Siku ya pili mtoto mmoja akaja kumuuliza kama sungura anakula biskuti. Mwalimu, ambaye hakutaka mtoto wala sungura karibu yake, akamkaripia amuulize mwenyewe, tena amuulize kwa Kihispania, kwa sababu huyo hajui Kiswahili.

Alisema hivyo kumfukuza tu. Lakini watoto wakaliamini. Wakawa wanapanga foleni. Senyora, nimwambieje kama namuuliza ana njaa? Nimwambieje alale? Anaogopa radi? Mwalimu anatema maneno akiwa mbali, wao wanayakimbiza hadi kwenye kizimba kabla hayajawatoka kichwani. Wakamwita sungura Senyor, yaani Bwana, na kwa kuwa mwalimu ni Senyora, yaani Bibi, wakakubaliana kwamba hao ni mke na mume. Dada yake alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu hakuona cha kuchekesha.

Kulikuwa na binti mmoja wakimwita Kidoti, kwa ajili ya alama ya shavuni. Huyu alikuwa hajawahi kutamka hata jina lake darasani, kwa lugha yoyote. Sasa alikuwa anachuchumaa mbele ya waya akimsimulia sungura kwamba bibi yake anakoroma, kwamba kiatu kinambana, kwamba baba amesafiri. Neno likimpungukia, anakuja kumnong'oneza mwalimu, anarudi. Mwalimu alikuwa anamsikiliza huku amefunika pua kwa leso, lakini hakuna asubuhi aliyochelewa kufika.

Siku ya wazazi Kidoti aliongea na sungura mbele ya umati wote, akaongea mpaka bibi yake akalia. Watu walipiga makofi. Mwenye shule aliwashika mikono wazazi mmojammoja, na wageni walipoondoka akamzuia mwalimu na wafanyakazi wenzake wapate chakula cha pongezi. Palikuwa na wali na mchuzi mzito wa nyama laini. Mwalimu, aliyezoea kukagua sahani kama polisi, siku hiyo furaha ilimlegeza. Alikula, akaongeza, akamsifu mpishi.

Mpishi akacheka hadi machozi. "Senyora," akasema, "umemsifu mumeo."

Alitapika nyuma ya jiko, akiwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, yeye asiyeshika ukuta wa mtu. Aliposukutua akarudi ndani kumkabili mwenye shule, akamkuta anachokonoa meno. Bwana yule hakuona ubaya wowote. Sungura anamaliza karoti, ananuka, kazi yake imekwisha. Jumatatu ataletwa mwingine wa kijivu, watoto hawatajua. "Wewe waambie ndiye yuleyule," akasema. "Ajira yako si umeshaipata? Usiniharibie."

Mwalimu alikwenda nyumbani akapiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Alipomweleza dada yake, dada safari hii hakucheka. Alimwambia anyamaze tu, kazi hazipatikani, na hao ni watoto, watasahau.

Jumatatu sungura mpya alikuwepo, kijivu kweli, ila sikio moja lilikuwa na weupe. Mwenye shule alisimama mlangoni, kijiti mdomoni, kuhakikisha mambo yanakwenda. Watoto walimzingira sungura wakimuuliza alilalaje. Kidoti hakuuliza. Aliliangalia lile sikio, kisha akamgeukia mwalimu na kumuuliza kwa Kihispania yuko wapi yule mwingine.

Mwenye shule hakujua neno hata moja la Kihispania, lakini uso wa mtoto aliuelewa. "Si huyo hapo," akasema. "Amenenepa tu."

Kidoti aliendelea kumtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa na jibu la "ndiye yuleyule" tayari ulimini, alikuwa amekuja nalo kutoka nyumbani. Akakitazama kile kijiti kinavyozunguka mdomoni, na jibu likamrudia kooni kama lile shombo la mchuzi. Akachuchumaa, goti kwenye zulia lenye mkojo, na kwa Kihispania chepesi cha kuwatosha watoto akawaambia kwamba huyu siye. Kwamba yule aliliwa siku ya wazazi. Kwamba hata yeye mwalimu alimla.

Mwenye shule akatikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani mambo yamesawazishwa.

Kidoti alisogea kwenye kizimba, akaweka mdomo kwenye waya. *"Corre,"* akamwambia sungura. *"Aquí te comen."* Hakukosea hata herufi.

"Umeona?" mwenye shule akasema, uso umemng'aa. "Haya, amemwambia nini?"

Mwalimu akainuka. "Amemwambia akimbie," akasema, kwa sauti ya kufika hadi jikoni. "Amemwambia hapa ataliwa."