Regresheni Yangu Imemshtaki Mama

Admin, usiweke jina langu wala la kijiji chetu, maana upande wa Masii page hii inasomwa na kila mtu. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mwalimu, naishi Mumbuni na mtoto wangu. Nasomea masters na utafiti umenikwamisha. Najua wengine wameanza kucheka, kwamba wenzangu wanalilia ndoa na mimi nalilia hesabu. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho.

Utafiti wangu unauliza kama mwethya inaongeza mavuno. Kwa wasiojua, mwethya ni kikundi cha akina mama wanaochimbiana mashamba kwa zamu. Nimekua nikiwaona wakichimba matuta ya fanya juu, wanatupa udongo juu ya mtaro ili maji ya mvua yasitoroke na mahindi yapate kitu. Mwenyekiti wa kikundi ni mama yangu mzazi, mwanamke ninayempenda na kumwogopa. Nikaona nimepata mteremko. Nikaenda na hojaji zangu, nikawakuta shambani wakipumzika, nikawasomea maswali pale pale. Kwa kila swali waliangaliana, wakaongea kidogo, kisha mama akajibu.

"Andika tunakubali kabisa."

"Wote, mwaitu?" Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Wote. Mwethya inachimba pamoja, inajibu pamoja."

Mmoja akanipiga begani akacheka. "Tumekupatia maksi zote, mwiitu wakwa, binti yangu, enda upite!" Walidhani ni mtihani na wao ndio wanasahihisha. Nilirudi mjini nimefurahi kama mjinga.

Msimamizi wangu aliangalia data akavua miwani. "Madam, mavuno yanatofautiana lakini majibu ni yale yale kwa kila mtu. Regresheni inauliza kama kitu kimoja kikibadilika na kingine kinabadilika. Hapa hakuna kilichobadilika. Itapima nini? Ama ulijijazia nyumbani?" Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaniambia nirudi niulize kila mtu peke yake, la sivyo nisahau kuhitimu.

Nikarudi. Mama hakujali. "Enda tu, watakuambia kile kile." Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mjane mmoja, nimwite Mama Mutua. Alifunga mlango wa jikoni kabla ya kujibu. "Shamba yangu hairukwi kwa bahati mbaya," akasema. "Kila msimu wanaanza kwa mwenyekiti, wanaenda kwa marafiki wake, mvua inashuka kabla wanifikie. Na mimi niko kwa zote nikichimba. Nitasema wapi? Mamako ndiye anapanga zamu." Nilitamani awe ni mtu wa maneno tu. Lakini nyumba kadhaa zilizofuata ziliongea vilevile, wengine kwa macho tu, wakiniomba nisiseme kwa mama.

Nilirudi na data inayotofautiana, ile niliyoitafuta. Nikalinganisha kwanza wanaochimbiwa mapema na wanaochelewa, kwa t-test, kipimo cha kulinganisha wastani wa makundi mawili, halafu nikaingiza zamu kwenye regresheni pamoja na ukubwa wa shamba na mbegu. Programu ikaweka nyota yake kando ya zamu, alama kwamba tofauti hiyo si ya bahati tu. Hivyo vingine havikuonyesha kitu. Kuwa mwanachama hakusaidii mtu kama zamu yake haifiki kabla ya mvua. Msimamizi alifurahi, mara ya kwanza namwona akicheka. "Sasa una thesis. Eleza tu ni nani anapanga zamu na anapangaje." Nilitoka pale nikalia kwenye choo cha wanafunzi.

Mama alishaambiwa kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta akichambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Nasikia umezunguka ukiuliza watu mimi nimewakosea nini."

"Mwaitu, niliuliza mahindi."

"Toa hiyo ya zamu. Si ni mstari mmoja tu?"

Nilimweleza kwamba huo mstari ndio utafiti wote, kwamba nikiutoa hakuna kinachobaki, na kuweka namba za uongo siwezi. Akasema neno ambalo halijaniacha mpaka leo: "Nilianza kwangu kwa sababu wewe ndiye ulikuwa unakula hapa." Mahindi yaliyonilea na kunisomesha ni yale yale niliyoyapima. Tangu siku hiyo hashiki simu zangu.

Ndugu zangu, bado kuna jambo linalonimaliza kabisa. Nilipoomba ruhusa kwa akina mama niliahidi kurudi kuwasomea matokeo, wote wakiwa wamekaa. Na kikundi kimeshagawanyika. Wameanza kuchimba kwa msimu huu, Mama Mutua hakuitwa hata kwenda kufanya kazi. Walimjua, ingawa sikumtaja mtu. Nilimkuta akichimba peke yake, tuta la mwaka jana limebomoka. Nilishika jembe nimsaidie, akaninyang'anya. "Wewe enda umalize ile kazi," akasema. "Utatusomea lini?" Anaamini nikisoma, watamchimbia. Mimi ninavyowajua, nikisoma watamchukia zaidi.

Nikiandika ukweli, naweka mama yangu kwenye maktaba ya chuo kama mwizi wa zamu. Nikiuficha, sihitimu, na Mama Mutua aliyenifungulia roho yake amepoteza kikundi bure. Nimejaribu kuomba, maneno hayatoki. Msimamizi anataka sura ya matokeo, mama hataki hata sauti yangu, na mawingu yameanza kukusanyika upande wa Mwala.

Nyinyi mnaosoma hapa, hasa mliolelewa na mama kama wangu, semeni nami bila matusi. Hiyo siku nikisimama mbele yao, nisome nini? Na nikishamaliza kusoma, usiku huo pale kijijini nitalala kwa nani?