Kalamu ya Karani

Kila Julai, baridi ya huku kusini inapokaza, karani wa manispaa hupita kwenye fleti za mtaa wa Chatsworth kukagua nani apewe hita na mablanketi. Mimi ndiye mkalimani wake kwa Wakongomani na Watanzania. Karani hubisha hodi polepole, huvua viatu hata akiambiwa aingie navyo, hukaa ukingoni mwa kochi. Hugusa ukuta kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Halafu tunaaga, tunafika kwenye ngazi, naye hujipapasa mifuko: “Eish, kalamu!” Tunarudi. Kila nyumba ni hivyo hivyo, na mimi huona aibu kwa niaba yake.

Jana tulikuwa kwa Mama Clementina, mjane wa ghorofa ya tatu. Chumba kilikuwa na joto zuri, hita inawaka miguuni petu. “Baridi? Hapana, wanangu, mimi sijambo.” Nikatafsiri, tukaaga, tukarudia kalamu. Mlangoni tulipishana na jirani akiwa amebeba hita yake, anairudisha kwake. Mama alikuwa keshavaa koti na kujitanda kanga mbili.

“Mgeni hakaribishwi kwenye baridi,” aliniambia, macho chini.

“Gogo, nimesahau kalamu,” karani alisema kwa upole, akimwita bibi kwa lugha ya huku.

Mama akainama kuitafuta chini ya kochi. Nami nikainama. Nilipoinua macho nikaiona, imechomekwa kwenye nywele za karani. Nikainama tena, nikaendelea kutafuta.