Boma la Jumanne

Ukitaka kujua jambo lolote lilimtokea lini shangazi yangu Scovia, usimuulize tarehe. Muulize sikukuu. Alizaliwa Rongo siku ya Madaraka, mwaka 1966, au ndivyo karani wa vitambulisho alivyoandika baada ya nyanya kumwambia kwamba siku hiyo watu walicheza ngoma kwa chifu. Aliolewa Rodi Kopany siku ya Jamhuri ya 1986. Kifungua mimba wake, Tony, alizaliwa tarehe ishirini Oktoba, sikukuu ambayo serikali ilikuja kuibadilisha jina, lakini shangazi hakumbadilisha mtoto jina. Hata jino lake la mbele liling'oka Boxing Day. Hilo halihusiani na taifa, ila yeye hulihesabu.

Mumewe, Maranga, aliipenda tabia hiyo kupita kiasi kwa sababu ilimpa pa kujificha. Kwetu sisi Wajaluo, mwanamume huoa akiwa bado katika boma la baba yake. Siku yake ikifika, hutoka kwenda kuanzisha boma lake. Alfajiri yeye hubeba jogoo, mke hubeba moto, mwana wa kwanza hubeba shoka, na nyumba lazima isimame siku hiyohiyo ili walale humo. Bila hayo mke hana lango la kuliita lake, na mwana hawezi kutoka kabla ya baba yake. Kila shangazi alipouliza, Maranga alijibu, "Jamhuri ijayo, watu wakiwa nyumbani." Jamhuri zikapita thelathini na nane. Wanasema subira huvuta heri. Ya shangazi mimi niliona inavuta mvi tu.

Februari ya 2025 Maranga alianguka sokoni, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Daktari alisema ni presha. Alipona isipokuwa mkono, lakini shangazi akaona kile tulichokuwa tukikikwepa sote: mzee akifa kabla ya kutoka, yeye atazeekea katika ua wa mama mkwe, na Tony atabaki kwenye kibanda chake cha ujana na mke na watoto watatu.

"Madaraka hii," alisema. "Sikukuu yangu mwenyewe."

Maranga hakuwa na pa kukimbilia. Nguzo zikakatwa, mabati yakaletwa, na baba yake mdogo, ambaye ndiye wa kuonyesha mahali kwa kuwa baba mwenyewe alikwisha kufa, akachagua kiwanja chini ya barabara. Kisha ikatangazwa kwamba mwaka huo sherehe ya taifa inakuja kwetu, Homa Bay. Rodi nzima ilishangilia. Shangazi alishangilia kuliko wote, mpaka Tony alipopiga simu. Tony hupiga tarumbeta katika bendi ya askari.

"Mama, bendi yetu imepangwa Homa Bay. Tuko kambi mpaka sherehe iishe."

"Si ni hapa tu? Kuja asubuhi ushike shoka, alafu urudi."

"Siezi, Mama. Afande hatoi off mpaka Jumatatu jioni."

Maranga alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. "Basi, min Tony," akasema, yaani mama Tony, "ni Jamhuri. Mungu mwenyewe amepanga."

Nilikuwepo, namenya viazi, na nilitamani kimoja kimpate kichwani. Shangazi aliweka simu chini.

"Amesema anatoka Jumatatu jioni," akasema. "Tutaingia Jumanne."

"Jumanne ni siku gani? Kitu kubwa inataka siku kubwa. Nani atakumbuka Jumanne?"

"Mimi. Maranga, siku kubwa zimenimaliza. Kenya ilingojea uhuru, ikapata. Mimi nangoja kila mwaka. Jumanne utabeba huyo jogoo, ama nimbebe mwenyewe watu waone."

Mwanamke kubeba jogoo wa kufungulia boma! Maranga aligeuka kwa baba yake mdogo, aliyekuwa akinywa uji pembeni, ili amtetee. Mzee akapangusa midomo. "Mila inataka jogoo, moto, shoka na kifungua mimba," alisema. "Kalenda sijawahi kusikia ikitajwa."

Siku ya Madaraka, Jumapili, Rodi ilihamia Homa Bay. Shangazi alibaki akinyoosha misumari, redio juu ya kigoda. Bendi ilipoanza, akainua nyundo asigonge.

"Huyo ni Tony."

"Utamjuaje kati ya tarumbeta zote hizo?" nikamuuliza.

"Nilimbeba tumboni. Najua pumzi yake."

Jumanne alfajiri wanne walitoka: mzee mbele, Maranga na jogoo kwapani mwa mkono wa kulia, shangazi na makaa katika chungu, Tony na shoka, viatu vya gwaride bado vinang'aa. Hapakuwa na bendera wala turubai. Watoto waliokuwa wakienda shule walisimama wakauliza nani amekufa. Majirani walikuja na nyundo zao, na saa kumi jioni bati la mwisho likapigiliwa.

Maranga aliketi ndani, juu ya udongo mbichi, akalia. "Baba yangu alitoka, akafa mwezi huohuo," alisema. "Niliogopa, min Tony. Sikuwa mvivu."

Najua shangazi alikuwa na hasira, maana hata mimi nilikuwa nayo. Miaka yote ile, kwa neno ambalo lingesemwa jikoni kwa dakika moja! Lakini alipuliza moto, akainjika sufuria.

Mwezi ulipita, na wa pili, Maranga akiwa mzima, akipalilia kwa mkono mmoja. Agosti akaja msichana wa afya ya jamii, Phanice, anayeandikisha nyumba mpya.

"Mama, hii boma mlianza lini?"

"Jumanne, tarehe tatu mwezi wa sita."

Phanice akacheka. "Jumanne? Si mngengojea Jamhuri, watu wakuwe wengi?"

Shangazi alimgeukia mumewe, akangoja.

"Tulingojea," Maranga akasema.