Mzee Aliyekataa Kuzoea Mvumo

Habari ilinikuta sokoni, fungu la mchicha mkononi. "Yule mzee wako wa kompyuta katutoka alfajiri," jirani yangu aliniambia. "Maziko baada ya adhuhuri." Nikasema inna lillahi, nikaondoka na mchicha wa watu bila kulipa, mpaka muuzaji akaniita. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtamkumbuka: ndiye yule bwana wa Bagamoyo niliyewahi kumtania katika safu hii kwamba kompyuta yake ina umri mkubwa kuliko wanawe. Alicheka sana aliposomewa, halafu akanikasirikia wiki nzima kwa kuiita "chombo". Jamani, nilimpenda mzee yule.

Kompyuta yenyewe si hizi za kukunja mnazozijua. Ni kibao cha vitufe, kinene kama mkate wa kumimina, alichokinunua ughaibuni enzi za ubaharia wake, na hakifanyi kitu mpaka ukiunganishe na televisheni. Ujanani mzee alikuwa akipiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, kwenye kikundi cha taarabu. Vidole vilipokamatwa na baridi yabisi kodiani ikamshinda, akawa anaiandikia kompyuta nyimbo zake, noti kwa noti, nayo inampigia. Hakuwa na mkono mwingine wa kupigia muziki. Basi hebu fikiria uchungu wake ulipoingia mvumo. Mmmmm, mfululizo, chini ya kila wimbo. Alikuwa na wimbo mmoja unaoishia kwa sauti nyororo, inayofifia taratibu, na mvumo ule ukawa unaimeza sauti hiyo yote. Sote tulimpa ushauri mmoja: ongeza sauti, utauzoea. "Nizoee?" alinifokea. "Ukitiliwa mchanga kwenye wali utauzoea?"

Akaanza msako. Alibadilisha waya wa televisheni, mvumo upo. Akaazima televisheni nyingine, upo. Akaifungua kompyuta, akabadilisha vifaa vya ndani vilivyochakaa, akazima feni na taa zote tukakaa tunatokwa jasho kama tuko kwenye hamamu ya mvuke, na mvumo upo palepale. Mwisho akaacha kushika bisibisi, akakaa anasikiliza tu. Ndipo alipogundua kwamba mvumo una zamu: unakuja, unakaa, unaondoka wenyewe, kisha unarudi. "Kitu gani ndani ya nyumba kinajiwasha na kujizima chenyewe?" aliniuliza. Nikamjibu ni friji. "Nami sina friji," akasema, akageuka taratibu kuutazama ukuta.

Hapo inabidi niwaeleze habari za ukuta. Upande wa pili aliishi mtalaka wake. Walipoachana hakuna aliyekubali kuhama, wakaigawa nyumba katikati kwa matofali, ila umeme ukabaki wa mita moja. Salamu zilikuwa zimekatika muda mrefu. Ujumbe ulipelekwa na wajukuu. Bibi huyo alikuwa akiuza barafu za ukwaju, na watoto wa madrasa wakitoka walijazana barazani kwake. "Twende wote," mzee aliniambia huku akivaa kofia. "Uwe shahidi, asije akasema nimekuja kumrudia."

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ndiyo jina? Sahani zako nilishakuletea."

"Sikufuata sahani. Nimefuata kelele. Friji lako linalia kwenye kompyuta yangu."

"Loo! Hata kelele nazo umekuja kunidai?" Lakini alifungua mlango. Mzee alimwomba alizime friji, bibi akabisha, akasema barafu zake zitayeyuka kwa ajili ya kinanda, kisha akalizima kwa hasira. Mvumo ulikatika. Kutoka ng'ambo ya ukuta tukausikia ule wimbo, aliouacha ukijirudia kwenye kompyuta, safi, mpaka ile sauti yake ya mwisho. Mzee alifumba macho. Bibi akasema, "Ndiyo hiyo tu?" Hata hivyo, alikuwa amesikiliza wimbo wote.

Alipokwenda kuliwasha tena ndipo tulipoona. Kwanza alivaa kandambili. Kisha akapanda juu ya kipande cha ubao kilichowekwa mbele ya friji. "Linapiga shoti," alitueleza bila wasiwasi, kama mtu anayekutajia tabia ya mbuzi wake. "Ukivaa viatu halikufanyi kitu. Hata watoto wanajua." Mzee alitazama sakafu. Ilikuwa imelowa maji ya barafu, na juu yake kulikuwa na alama za nyayo ndogondogo. Sijapata kumwona amekasirika vile. Hakugomba. Alichomoa waya wa friji ukutani, akaukalia mpaka fundi wa umeme alipokuja. Fundi akakuta waya wa ndani umechubuka na kugusa bati la friji, na ule wa ethi, unaotakiwa kuupeleka ardhini umeme uliopotea, umeliwa na chumvi. Ndiyo maana umeme ulikuwa ukihangaika: sehemu unaingia kwenye kompyuta ya mzee, sehemu unamngoja mtoto mwenye miguu mitupu. "Nilizoea tu," bibi alisema kwa sauti ndogo. Mzee akamjibu, "Mimi kuzoea ndiko kulikonishinda. Si ndiyo maana ukanichoka?" Wakacheka. Hawakurudiana, msije mkaniandikia kuniuliza. Lakini kila Ijumaa barafu ya ukwaju ilivuka ukuta, na aliyeipeleka hakuwa mjukuu.

Tangu siku ile natazama mambo yetu kwa jicho jingine. Sisi tumekuwa hodari wa kuelekezana namna ya kuishi na ubovu. Mlango huu uunyanyue kidogo ndipo ufunge. Ngazi ile usikanyage ya tatu. Kiti hicho usiegemee. Mgeni tunamfundisha kama vile tunamfundisha adabu za nyumba, na akishajua tunamwona mwenyeji. Kwangu mimi swichi ya bafuni tunaibonya kwa kijiti cha ufagio, na kijiti kina mahali pake maalumu. Mtu anayesema jambo hili halifai, litengenezwe, tunamwita msumbufu. Mzee wangu aliitwa hivyo maisha yake yote.

Msibani nyumba ilijaa pande zote mbili za ukuta. Watu walitia udhu, sakafu ikalowa, na bibi akawa anatoa barafu za kutia kwenye maji ya waombolezaji. Alilifungua friji, akaliegemea, akainama ndani. Ule ubao haukuwapo. Nilijikuta namtazama miguu.

"Unatazama nini?" aliniuliza.

"Miguu yako."

Akaitazama naye. Ilikuwa mitupu, juu ya sakafu iliyolowa. Akalifunga friji taratibu, akaweka paji la uso juu ya bati lake, akalia. Waliokuwa naye wanasema ndiyo mara yake ya kwanza kulia tangu alfajiri.

Niliporudi nyumbani nilikitupa kile kijiti, nikampigia fundi simu.